Namba Saba Ubaoni

Mlioniuliza wiki nzima kama wembe ulikata, jibu ni hili: ulikata, lakini kidogo.

Ulikata chini ya sikio la kushoto, pa ukubwa wa punje ya mchele, kwa sababu kinyozi ana mkono mwepesi na aliuvuta wembe kabla shingo ya mpwa wake haijaulalia. Angechelewa kufumba na kufumbua tu, leo ningekuwa nawaandikia habari za mazishi.

"Nyigu! We Nyigu!"

Kijana hakujibu. Kichwa kilikuwa kimeangukia kifuani, povu la sabuni bado liko shavuni, mikono imelegea chini ya kitambaa cha kunyolea. Miaka kumi na tisa, winga wa kulia ambaye mji mzima ulikuwa unamwimba, amekaa kwenye kiti cha mjomba wake kama nguo iliyotupwa.

Damu ilikuwa inateremka. Kinyozi akanyakua karatasi ya kwanza aliyoifikia, mojawapo ya zile zilizochomekwa kwenye fremu ya kioo, akaibana kwenye jeraha. Mkono wa pili akautia shingoni kutafuta mapigo. Aliyapata, na hakuyapenda. Yalipiga matatu ya haraka, yakasimama. Yakapiga moja, yakasimama tena.

Ilikuwa saa tatu asubuhi, Jumamosi ya mechi. Mlango wa duka ulikuwa bado umerudishwa. Hakuna aliyeona.

Nyigu akafumbua macho. "Nimesinzia, mjomba."

"Umesinzia? Nanyoa watu mwaka wa ishirini na sita huu. Wanaosinzia kwenye kiti hiki nawajua, wanakoroma."

Kijana akacheka kidogo, kisha akaacha. "Ya tatu hii," akasema. "Ya kwanza ilinipata bafuni kambini. Ya pili mazoezini, nikamwambia kocha nimejikwaa."

"Na hospitali?"

"Si nilienda. Wiki tatu sasa. Wakanibandika nyaya kifuani. Daktari akasema moyo wangu una hitilafu, nimezaliwa nayo. Akasema nisikimbie hata kuwahi gari."

"Wiki tatu! Ukanyamaza?"

Nyigu akamtazama mjomba wake kupitia kioo, na mshangao wake ulikuwa wa kweli kabisa.

"Sikunyamaza, mjomba. Nilikuletea karatasi ya daktari. Niliiweka pale."

Akanyoosha kidole kwenye rundo la magazeti chini ya msumari.

Kinyozi yeyote anayetumia wembe huhitaji makaratasi ya kufutia povu. Wa kwetu huyu hukusanya magazeti ya zamani, mitihani ya watoto, risiti, chochote, anayakata vipande vinne vinne kwa mkasi na kuyachoma kwenye msumari kando ya kioo. Hufanya hivyo huku anaongea. Macho yake huwa kwa anayebishana naye, wala si kwenye mkasi.

"Duka lilijaa siku ile, mnabishana kikosi," Nyigu akaendelea. "Nisingeweza kutamka mbele yao. Nikaiweka juu ya magazeti yako, nikasema mjomba akitaka kuyakata ataiona. Niliporudi haikuwepo. Hukuniambia kitu. Jumamosi ukaniandika ubaoni tena. Nilidhani umesoma. Nilidhani umesoma ukaamua nicheze."

Kinyozi alitamani ardhi ipasuke immeze, pamoja na kiti na kioo na msumari wake.

Nje honi ikalia. Lilikuwa basi la klabu, likipita kuwazoa wachezaji. Wakishapanda hawaonekani tena mpaka filimbi ya kwanza: wanafungiwa ndani ya uwanja, simu zinakusanywa kwenye mfuko, haingii mtu wala kutoka mtu, kwa kuogopa wapinzani wasije wakapenyeza mambo yao ya giza.

Nyigu alikuwa ameshasimama, anajifuta povu. "Mjomba, mama asijue. Leo yule wakala wa ng'ambo yupo jukwaani. Ni leo tu. Akinichukua, huko kuna madaktari wakubwa, watanitibu. Ukisema, kwa yeyote, mimi na wewe basi."

"Sitasema."

"Niapie."

"Naapa kwa kaburi la babu yako."

Msinilaumu mimi, aliyeapa ni yeye. Na aliapa haraka kwa sababu alikuwa ameshaiona njia ya mkato. Njia yenyewe ilikuwa imetundikwa pale pale mlangoni pake.

Ni ubao mweusi, uliotoka kwenye shule iliyovunjwa. Kila Jumamosi asubuhi mashabiki hukutana dukani, wanabishana mpaka mishipa ya shingo inawasimama, kisha wanaandika majina kumi na moja ya wachezaji wanaowataka. Fundi Redio, mwenye meza ya kutengeneza redio chumba cha pili, huupiga picha na kuituma kwenye simu za mashabiki wote. Kocha asipoufuata, jukwaa zima linaugeuzia uwanja mgongo. Watu elfu tano wanasimama wakitazama ukuta mpaka kocha ajirekebishe.

Aliyebuni mambo ya migongo ni kinyozi mwenyewe, na aliyabuni kwa ajili ya mpwa wake. Wiki nne zilizopita migongo ile ilimwinua kocha kwenye benchi, Nyigu akaingia dakika ya ishirini, akafunga mawili. Mwenyekiti wa klabu akamwambia kocha maneno machache: nikiiona migongo tena, funga mizigo yako.

Kwa hiyo hesabu ya kinyozi ilikuwa nyepesi. Jina la Nyigu likitoka ubaoni, kocha atakuwa huru kumkalisha benchi. Kijana ataona ni mambo ya mpira tu, mama yake hatajua, kiapo kitabaki kiapo. Shida ilikuwa moja. Majina ya wiki iliyopita hubaki ubaoni, na jina lililokwisha kuandikwa halifutwi ila kwa kura ya waliomo dukani, na sheria hiyo pia ilikuwa yake. Ilimbidi awashinde kwa hoja watu aliowashawishi yeye.

Saa nne duka lilikuwa limejaa, watu kama kumi na tano, wengine wamekaa juu ya ndoo. Kinyozi akakohoa.

"Jamani, leo nataka tumtazame winga wa kulia."

"Tumtazame nini tena?" akauliza Fundi Redio. "Tumpe unahodha?"

"Tumpumzishe."

Mtu aliyekuwa akinyolewa ndevu akageuka na povu lake. Fundi Redio akamwendea kinyozi, akamgusa kipaji cha uso kwa kiganja. "Joto halina," akawatangazia wenzake, na duka likaangua kicheko.

"Sina utani. Bado mtoto yule. Mnamsifu kupita kiasi, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji."

"Anayemsifu nani? Si wewe?"

"Basi nimekosea. Ana mguu mmoja tu, wa kulia. Wa kushoto ni wa kupandia ngazi."

"Nilisema hivyo mimi mwezi uliopita, ukaninyamazisha hapa hapa," akadakia Fundi Redio. "Ukasema mfalme naye ana taji moja tu, na hakuna anayemdai la pili."

Wakapiga makofi. Kinyozi alisikia maneno yake mwenyewe yakimrudia, na yalikuwa matamu kama siku aliyoyasema. Alikuwa hodari wa kubishana, maskini.

"Harudi kukaba," akajaribu tena. "Wiki jana goli la kusawazisha lilipita upande wake."

"Lilipita upande wa beki wake. Wewe ndiye uliyetuchorea hapa sakafuni kwa povu."

"Krosi kumi akipiga, nane zinaokotwa na waokota mipira."

"Na mbili?"

"Mbili goli!" wakaitika wote.

"Tena mnasahau ile ya funguo," akasema aliyekuwa ananyolewa. Wengine hata hamhitaji kuelezwa: Nyigu akiwa katika mbio anasimama ghafla, mpira chini ya wayo, kama mtu aliyekumbuka ameacha funguo nyumbani. Beki anapita kama gari lisilo na breki. Jukwaa linahesabu, moja, mbili, naye ndipo anapoondoka. "Nani mwingine nchini anayo hiyo?"

"Mabeki wameshaizoea," akasema kinyozi. Hata yeye hakuisadiki sauti yake.

Alibakiwa na tegemeo moja. Kwenye benchi la pembeni alikaa mzee aliyestaafu ushika kibendera, mtu pekee ambaye wiki zote alikuwa akimpinga Nyigu. Kinyozi alikuwa amemtukana sana kwa hilo, mara moja alimnyoa nusu akamwacha akisubiri.

"Mzee, waambie wewe. Ulisema tangu mwanzo hajakomaa."

Mshika Kibendera akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, taratibu.

"Nilisema. Na nilikosea," akaanza. "Miaka thelathini nimekimbia kando ya mstari, mawinga wote wa nchi hii wamepita mbele ya pua yangu. Jumamosi iliyopita nilikaa kwenye kona nikamtazama yule mtoto dakika tisini. Machozi yalinitoka, mtu mzima mimi. Abaki yeye kwanza, hao wengine ndio tuwajadili."

Duka likalipuka. Watu walimpigia mzee makofi mgongoni mpaka miwani ikamtoka mkononi. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, na cha kinyozi kilikuwa kirefu, alikichimba kwa majuma mengi na kila mtu akimshangilia.

Akapoteza uvumilivu. "Ni mvivu!" akafoka. "Mvivu na mwoga, mama yake kamdekeza! Hafiki popote yule!"

Kicheko kikakatika, na si kwa sababu ya maneno yake. Wote walikuwa wakitazama mlangoni.

Pale alisimama dada yake, mama mzazi wa Nyigu, beseni tupu kiunoni. Yeye ndiye dobi wa klabu. Alikuwa ametoka kupeleka jezi uwanjani, vidole vyake bado vimekunjamana kwa maji.

"Kaka," akasema. "Mwanangu amekukosea nini?"

Kinyozi akainamia bakuli la povu, akaanza kulikoroga kwa brashi.

"Kura!" Fundi Redio akaivunja ile baridi. "Wanaomtaka Nyigu waende ukuta wa kioo. Wasiomtaka, dirishani."

Duka zima likasogea upande wa kioo, wakabanana kama mboga kwenye fungu. Hata mwenye povu alisimama na kwenda. Dirishani alibaki kinyozi peke yake, brashi mkononi. Fundi Redio akatoka nje, akaupiga ubao picha, akabonyeza simu.

"Imeenda. Mji mzima unayo."

Hapo ndipo kiapo kilipovunjika.

"Ana ugonjwa wa moyo," akasema kinyozi. "Akicheza atakufa."

"Loo! Kwanza mvivu, sasa mgonjwa," Fundi Redio akamcheka. "Tukikukatalia na hilo utasema ameshazikwa."

Watu wakacheka, nawaomba mkikumbuke kicheko hicho. Dobi hakucheka. Alikuwa ameweka beseni chini, anatazama meza ya kinyozi, penye karatasi yenye damu.

"Hii damu ya nani?"

"Yake. Alizimia kitini asubuhi, wembe ukampitia."

Akaiokota. Upande wa juu palikuwa na mwandiko wa Fundi Redio, kwani kila wiki mashabiki huchomoa vipande vya msumarini, wanaandika utabiri wao na kuvichomeka kwenye fremu ya kioo. Kipande hiki kiliandikwa: *Sisi 3, wao 0. Nyigu mawili.* Dobi akakigeuza.

Nyuma palikuwa na mhuri wa hospitali, umekatwa na mkasi katikati. Chini yake maneno ya daktari, nayo yamekatwa upande wa kushoto. Alisoma kwanza kimyakimya, midomo ikichezacheza. Kisha akasoma kwa sauti.

"'...marufuku kucheza mpira. Hatari ya kufa ghafla.'"

Akaketi kwenye kiti cha kunyolea, kile kile alichokalia mwanawe. Hakulia. Alisema tu, "Alikuwa ananiambia ni uchovu," akarudia tena, kama anayemwambia mtu mwingine.

"Nilikuwa natafuta upande mweupe wa kuandikia," Fundi Redio akasema. "Sikugeuza. Wallahi sikugeuza."

Lakini aliyekata si Fundi Redio. Kinyozi alikumbuka hata siku yenyewe. Alikuwa akieleza jinsi Nyigu atakavyofika mbali, mkasi unakwenda, na Nyigu amesimama mlangoni anautazama mkono wake, anangoja, kisha akatoka.

Mshika Kibendera ndiye aliyechukua tambara na kulifuta jina. "Piga picha nyingine," akaamuru. "Tuma upesi."

Fundi Redio akatuma. Majibu hayakuchukua dakika. *Kinyozi kanunuliwa. Wapinzani wameiba simu ya Fundi. Picha ya pili feki, tufuate ya kwanza.* Mmoja akaandika: *Jina likishaandikwa halifutwi. Sheria ni sheria.*

"Uwanjani," akasema dobi, ameshasimama. "Twendeni uwanjani."

Walikwenda wanne, yeye, kaka yake, Fundi Redio na yule mzee. Lango la wachezaji lilikuwa na minyororo miwili, na walinzi walikuwa wakali kuliko siku zote. Kinyozi akapenyeza ile karatasi kwenye nondo.

"Mpe kocha. Kocha mwenyewe, mkononi mwake."

Mlinzi akaipokea kwa vidole viwili. Sasa hebu jiwekeni mahali pa mlinzi. Siku ya mechi kubwa, kinyozi anakuletea kijikaratasi. Juu yake kuna matokeo ya mechi ambayo haijachezwa, jina la mchezaji, damu mbichi, na vinywele vya vichwa vya mtaa mzima vimegandia kwenye damu. Mlinzi akakiachia kama kaa la moto.

"Katibu! Katibu njoo! Wameleta!"

Katibu wa klabu akaja mbio, akaona, akarudi nyuma hatua mbili.

"Isomeni nyuma!" akapiga kelele kinyozi. "Igeuzeni, imeandikwa na daktari!"

"Haisomwi!" akajibu katibu. "Ukiisoma ndio umejifunga. Leteni petroli ya mashine ya kukatia majani."

"Katibu, ni mimi," dobi akasema, ameshika nondo kwa mikono miwili. "Jezi zenu nafua mwaka wa sita huu. Mwanangu mgonjwa. Niitieni mwanangu."

Katibu akamtazama kwa huzuni, si kwa ubaya. "Na wewe dobi wamekuingiza? Jezi alizoleta huyu ziondoeni. Watavaa za akiba."

Wakamwagia kijikaratasi petroli, wakawasha kiberiti. Dobi aliuona mhuri ukijikunja, ukawa mweusi, ukapeperuka kwenye zege. Waliokuwa ndani wakashukuru Mungu kwamba wameokoka.

Saa kumi kamili walikuwa jukwaani kama mashabiki wengine, kwa tiketi. Kipaza sauti kikaanza kuwataja wachezaji wetu, kipa, mabeki, viungo. Dobi alimshika kaka yake mkono akaubana mpaka ukamuuma.

Namba saba alikuwa mtu mwingine.

Hawakuamini mpaka walipomwona Nyigu akitoka na wa akiba, koti begani, akaenda kukaa benchi. Kocha alikuwa amemwona siku ile akianguka mazoezini. Hakusadiki kwamba alijikwaa, na leo alikuwa ameamua liwalo na liwe. Kumbe kuna mtu mmoja mjini aliyekuwa na macho.

Kinyozi alivuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu asubuhi. Fundi Redio akaziba uso kwa kofia akalia. "Mungu mkubwa," dobi akawa anasema, "Mungu mkubwa."

Filimbi ikapulizwa. Nyuma yao mtu akasimama, akaugeuzia uwanja mgongo.

Akafuata wa pembeni yake. Ikafuata safu, zikafuata safu kumi. Picha ya kwanza ilikuwa kwenye kila simu, jina la Nyigu limo. Kabla mpira haujatoka nje mara ya kwanza, watu elfu tano walikuwa wakitazama ukuta, kimya, wamekunja mikono, kama kinyozi alivyowafundisha.

"Geukeni!" Kinyozi akapanda ngazi, anawashika watu mabega. "Geukeni jamani, nawaomba! Kocha yuko sahihi!"

"Kinyozi leo kaja na vichekesho," akasema mmoja, bila kugeuka.

"Mimi ndiye niliyeanzisha! Mimi nasema basi!"

"Ulianzisha, lakini si yako peke yako."

Chini, kwenye uzio, Mshika Kibendera alikuwa ametoa leso yake. Aliinyanyua juu, mkono umenyooka vilevile kama enzi zake, akaushikilia pale mpaka ukaanza kutetemeka. Refa hakutazama upande huo.

Kwenye jukwaa kuu mwenyekiti alisimama. Akanyoosha kidole kimoja kuelekea kocha. Kocha akatazama kidole, akatazama migongo, akatazama benchi. Ilikuwa dakika ya tisa. Wenye nyumba za kupanga na watoto shuleni wataelewa jinsi mabega yalivyomshuka.

Nyigu alikuwa ameshavua koti.

Kabla ya kuingia aliinua macho jukwaani. Katika migongo yote ile macho yake yakatua kwa watu wawili wanaomtazama, mama yake na mjomba wake. Kinyozi alikuwa akipunga mikono yote miwili juu ya kichwa, anaipishanisha, hapana, hapana, hapana. Nyigu akatabasamu, akampungia naye.

Namba saba ikanyanyuliwa. Jukwaa likageuka kwa mara moja, na wimbo ukaanza, ule wa Nyigu. Aliyeutunga mnamjua.

Mpira wa kwanza akampita mmoja. Wa pili akapiga krosi, ikagonga mwamba, watu wakashika vichwa. Wa tatu akaupokea upande wao huu, karibu na mstari, beki anamjia kwa kasi yake yote.

Nyigu akasimama ghafla, mpira chini ya wayo. Beki akapita, akateleza mpaka kwenye mabango.

"Moja!" likaitika jukwaa. "Mbili!"

Baada ya mbili huondoka. Hajawahi kukosa, tangu alipokuwa anacheza uani kwa mjomba wake kwa mpira wa matambara. Kinyozi aliutazama ule mguu wa kulia, akauomba kwa nguvu zake zote uondoke. Mguu ulibaki palepale. Uliosogea ni mkono wa kushoto, taratibu, ukipanda kifuani.

Watu walidhani ameongeza ufundi. Wakacheka kwa furaha, wakakumbatiana.

"Tatu!" wakaita. "Nne!"

Dobi alikuwa ameshaanza kuparamia uzio.